Mfereji wa Erie: ukiwa na siku moja, uende Lockport, Syracuse, Rome, Little Falls au Waterford?

Kila kiangazi ndugu na marafiki wanaokuja kututembelea hapa Syracuse, wengine kutoka Ohio na Kentucky na wengine kutoka Toronto, huomba wapelekwe kuuona Mfereji wa Erie, njia ya maji inayokata Jimbo la New York, Marekani, kati ya Ziwa Erie na Mto Hudson, nami huwajibu kwa swali ambalo hawakulitarajia: mfereji upi? Jina ni moja, lakini mifereji ni mitatu, iliyochimbwa kwa vipindi vitatu tofauti, na mji utakaouchagua ndio utakaoamua ni upi utakaouona. Nimeshuhudia watu wakiendesha gari saa tano kuja kutazama maji na mashua, wakafikia katikati ya jiji ambako mfereji ulifukiwa miaka ya 1920, wakarudi wamenuna. Ndiyo maana nimeona niandike ulinganisho huu kwa ajili ya yeyote anayepanga safari, hasa wenzetu wengi wasemao Kiswahili waliotoka Congo na Burundi, ambao leo wanaishi Buffalo, Rochester, Syracuse na Utica. Miji hiyo minne yote ililelewa na mfereji huu.

Mfereji wa kwanza ulianza kuchimbwa Rome, katika Jimbo la New York, tarehe 4 Julai 1817, ukafunguliwa tarehe 26 Oktoba 1825, siku ambayo Gavana DeWitt Clinton alipanda mashua iitwayo Seneca Chief pale Buffalo na kuanza safari ya kwenda New York. Ulikuwa na urefu wa kilomita 584, malango 83, upana wa mita 12 juu, na kina cha mita 1.2 tu, yaani maji ya kumfika mtu mzima kifuani. Kabla haujamalizika wapinzani walikuwa wakiuita kwa dharau mtaro wa Clinton. Ulipofunguliwa, gharama ya kusafirisha tani moja ya mzigo kati ya Buffalo na New York ilishuka kutoka takriban dola 100 hadi takriban dola 10, na dharau hiyo ikakoma. Shehena ilizidi uwezo wa mtaro huo haraka sana, kwa hiyo kati ya 1836 na 1862 ulipanuliwa ukawa na upana wa mita 21 na kina cha mita 2.1, na huo ndio mfereji wa pili. Mfereji wa tatu ulijengwa kati ya 1905 na 1918 kwa ajili ya matishari yenye injini. Kwa kuwa nyumbu wa kuvuta mashua hawakuhitajika tena (ninamaanisha nyumbu chotara wa punda na farasi, si yule wa Serengeti), wahandisi waliuacha mtaro wa kale sehemu nyingi na kuingia mitoni, hasa Mto Mohawk, kisha wakakata katikati ya Ziwa Oneida. Mfereji huo wa tatu ndio unaopitisha mashua mpaka leo. Ile miwili ya kale imebaki vipande vipande: hapa dimbwi refu lililotulia, pale barabara ya lami, kwingine ukuta wa mawe katikati ya kichaka.

Lango ninalolisema hapa ni chumba kirefu, zamani cha mawe na sasa cha zege, chenye milango mizito kila upande. Mashua huingia, milango ikafungwa nyuma yake, kisha maji huachiliwa kuingia au kutoka kupitia matundu makubwa yaliyo chini ya kuta, yakiongozwa na uzito wake yenyewe bila pampu, mpaka mashua ilingane na maji ya upande wa pili. Bila malango safari hii isingewezekana, maana Ziwa Erie liko juu ya Mto Hudson kwa karibu mita 173.

Kwa mtu mwenye siku moja tu, na hasa anayekwenda kuona maporomoko ya Niagara, ninapendekeza Lockport bila kusita. Mji huu uko umbali wa zaidi kidogo ya nusu saa kwa gari kutoka kwenye maporomoko, nao umekaa juu ya ukingo uleule wa mwamba ambao maji ya Niagara hudondokea. Wachimbaji walipofika chini ya ukingo huo walikuwa wamekabiliwa na ukuta wa karibu mita 18, na mhandisi Nathan Roberts akaukwea kwa malango matano yaliyopangwa kama ngazi, tena yakiwa mawili mawili ubavu kwa ubavu, ili mashua zinazopanda zisizisubiri zinazoshuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 safu moja iliondolewa na mahali pake pakajengwa malango mawili makubwa, Lango la 34 na la 35, ambayo kwa pamoja huinua mashua karibu mita 15. Safu ya pili iliachwa ipitishe maji ya ziada, na baadhi ya vyumba vyake vimerejeshewa milango ya mbao iliyochongwa kwa namna ya zamani.

Jambo ambalo Lockport hukupa, na ambalo hakuna mji mwingine unaokupa kwa uwazi huo, ni kuviona vipindi viwili kwa kugeuza shingo tu. Ukisimama kwenye ngazi zilizo kati ya safu hizo, upande mmoja una chumba cha mawe chenye upana wa takriban mita 5.5, ambamo mashua moja ya mbao iliingia kwa kubana, na upande wa pili una chumba cha zege cha kumeza chombo chenye urefu wa mita 91 na upana wa mita 13. Magharibi mwa mji kuna sehemu iliyokatwa ndani ya mwamba mtupu kwa baruti, nyundo na mikono ya vibarua, wengi wao Waayalandi, na mikwaruzo ya kazi yao bado inaonekana maji yanapopungua. Kasoro ya Lockport ni usafiri. Treni haifiki, kwa hiyo asiye na gari atapata taabu, na mwishoni mwa juma mwezi Julai watu hujaa hata nafasi ya kusimama kwenye daraja ikawa shida.

Anayependa baiskeli asiishie Lockport. Kutoka hapo kwenda mashariki mpaka Rochester kuna karibu kilomita 100 za maji yasiyo na lango hata moja, na njia waliyopita nyumbu imegeuzwa kuwa njia ya baiskeli tambarare kabisa, inayopita Medina, Albion na Brockport, miji midogo yenye majengo ya mawe mekundu na madaraja ya kuinuka. Madaraja hayo hayafunguki katikati kama mengine. Hupanda yote wima, kama meza inayonyanyuliwa na watu wanne. Mashariki mwa Medina kuna barabara inayopita chini ya mfereji, na ni ya pekee ya namna hiyo katika Erie yote. Unapita ndani ya handaki la mawe huku maji ya mfereji, pamoja na mashua zake, yakiwa juu ya kichwa chako.

Syracuse, mji ninaoishi, ni kinyume cha Lockport. Maji hamna. Barabara kuu iitwayo Erie Boulevard imelazwa juu ya mfereji wenyewe, na uwanja wa Clinton Square, ambako watu huteleza kwenye barafu wakati wa baridi, ulikuwa bandari. Hata hivyo Syracuse ina kitu kimoja ambacho ningemshauri mtu asikikose: jengo la mizani la mwaka 1850, ambalo ndilo pekee la aina yake lililobaki, na ambalo leo ni makumbusho ya mfereji. Anayeijua mizani ya malori barabarani kule nyumbani, pale Kibaha au Mariakani, ataelewa mara moja lilivyofanya kazi. Mashua iliingia kwenye chumba cha lango, maji yakatolewa yote, ikabaki imekaa juu ya fremu iliyounganishwa na mizani, karani akasoma uzito na kuandika ushuru, kisha maji yakarudishwa na mashua ikaendelea na safari. Tofauti na mizani ya malori ni kwamba hapa gari lenyewe lilipaswa kwanza kukaushwa. Ndani ya chumba hicho leo kuna mashua yenye ukubwa halisi, unaweza kuingia na kuona jinsi abiria na mizigo walivyobanana.

Syracuse pia ndipo mahali pa kuelewa kwa nini mfereji ulilipika. Mji ulikuwa ukichemsha maji ya chemchemi za chumvi kando ya Ziwa Onondaga, na ushuru wa chumvi hiyo ulikuwa miongoni mwa mapato yaliyochangia gharama za ujenzi, ambazo zilifika takriban dola milioni 7. Kwa hiyo, mwenye kupenda historia ya uchumi aje Syracuse. Mwenye watoto wanaotaka kuona mashua zikipanda na kushuka aende kwingine.

Kati ya Syracuse na Rome ndipo ninapopapenda mimi, ingawa sidai kila mtu atapapenda. Kuna kilomita 58 za mfereji wa pili zilizohifadhiwa kama bustani ya kihistoria kuanzia DeWitt hadi Rome. Hakuna mashua kubwa hapo, wala kelele. Kuna maji ya kijani yaliyotulia, kobe waliopanga mstari juu ya magogo, na njia ya changarawe ambayo ukiitazama vizuri utaona imelazwa juu kidogo ya maji, kimo kilekile kilichowafaa nyumbu kuvuta kamba bila kujikwaa. Huko Chittenango Landing kuna chelezo cha mawe chenye nafasi tatu, ambamo mashua ziliingizwa na kukaushwa ili zitengenezwe, na kilichimbuliwa upya baada ya kufunikwa na udongo kwa miaka mingi. Karibu na Chittenango vilevile ndipo yalipopatikana mawe ya chokaa ambayo mhandisi Canvass White aliyageuza kuwa saruji inayoganda ndani ya maji. Kabla ya hapo saruji ya namna hiyo ilikuwa ya kuagizwa kwa gharama kubwa kutoka Ulaya, na kuta za malango zisingedumu bila hiyo. Nikilinganisha, Lockport hushangaza macho kwa saa moja, lakini matembezi ya Chittenango hukufundisha mfereji ulivyokuwa siku zote ambazo hakuna jambo la ajabu lililotokea.

Rome yenyewe inastahili nusu siku kwa sababu iliyo ya kale kuliko Clinton. Hapo Mto Mohawk, unaotiririkia Bahari ya Atlantiki, unakaribiana sana na kijito cha Wood Creek, kinachotiririkia Ziwa Oneida na hatimaye Ziwa Ontario, na watu wa taifa la Oneida walibeba mitumbwi yao kwa miguu kati ya maji hayo mawili karne nyingi kabla ya mhandisi yeyote kufika na vipimo. Wazungu walijenga ngome ya Fort Stanwix mahali hapo kwa sababu hiyohiyo. Mfereji ulifuata njia iliyokwisha kujulikana, ukapita katika nchi ya mataifa ya Haudenosaunee (muungano wa mataifa ya wenyeji wa asili, Oneida wakiwamo), na walowezi walioletwa na mfereji wakazidi kuwasukuma wenyeji nje ya ardhi yao. Mabango mengi ya utalii hulipita jambo hili kwa haraka, nami naona mgeni anayetoka katika nchi zetu, ambako reli na mashamba makubwa yalipita vivyo hivyo katika ardhi za watu, ana haki ya kulijua kabla hajapiga picha.

Little Falls na Waterford nitazipima pamoja, kwa kuwa zote ni za mfereji wa tatu na zote zinahusu kupanda. Lango la 17 la Little Falls, lililofunguliwa mwaka 1916, huinua mashua zaidi ya mita 12 kwa mkupuo mmoja, kazi iliyokuwa ikifanywa na malango manne ya zamani. Mlango wake wa chini haufunguki kwa bawaba. Hunyanyuliwa juu wote kama kisu kikubwa, na mashua hupita chini yake. Mara ya kwanza nilipopita humo kwa mashua ya rafiki, mlango ulikuwa ukitudondoshea maji baridi shingoni, kisha ukashuka nyuma yetu, mwanga ukapungua, tukajikuta chini ya kisima cha zege chenye kuta za kijani zinazoteleza. Kila mmoja wetu alishika kamba moja kati ya zile zinazoning'inia ukutani, asiifunge, maana ukiifunga maji yanapopanda mashua huinama. Dakika chache baadaye tulikuwa juu, tukisalimiana na watoto waliokuwa wametuchungulia muda wote kutoka kwenye ukingo. Asiye na mashua huweza kutazama haya yote kutoka juu bila malipo, na ukivuka hadi miamba ya Moss Island iliyo kando utaona mashimo makubwa ya duara yaliyochimbwa na maji yaliyozungusha mawe zama za kuyeyuka kwa barafu.

Waterford, iliyo mahali Mohawk unapokutana na Hudson, kaskazini ya Albany, ina malango matano yanayofuatana, la 2 hadi la 6, ambayo ndani ya kilomita 2.4 hupandisha mashua zaidi ya mita 51. Malango ya Mfereji wa Panama hupandisha meli mita 26 tu, kwa hiyo hapa kimo ni karibu mara mbili, japo kwa vyombo vidogo zaidi. Hata hivyo kwa mtazamaji wa nchi kavu mimi ningechagua Little Falls. Waterford ukubwa wake umetawanyika. Unaona lango moja, unatembea, unaona jingine linalofanana nalo, na mpaka ufike la tano watoto wamechoka. Little Falls yote yako mbele ya macho yako. Mwenye mashua yake hali hiyo hugeuka: Waterford ndiyo njia panda, na hapo ndipo mabaharia wa burudani hufunga vyombo vyao gatini, wakabadilishana habari za njia kabla ya kuamua waende wapi.

Uamuzi huo si mdogo, kwa sababu Erie si njia pekee. Kutoka Waterford, Mfereji wa Champlain, uliofunguliwa mwaka 1823, huelekea kaskazini kwa takriban kilomita 100 na malango 11 hadi Whitehall, na huko mashua huingia Ziwa Champlain na kuweza kuendelea mpaka Kanada. Ukifuata Erie kwenda magharibi na kuvuka Ziwa Oneida, utafika mahali mito ya Oneida na Seneca inapoungana, na kutoka hapo Mfereji wa Oswego wa mwaka 1828 hukuteremsha kilomita 38 kwa malango saba hadi Ziwa Ontario. Kinachoamua kwa wengi ni kimo cha chombo: madaraja ya kati ya Waterford na Oswego yana nafasi ya takriban mita 6 juu ya maji, lakini ukipita pale mito ya Oneida na Seneca inapoungana kuelekea Buffalo, nafasi hushuka hadi karibu mita 4.7, na Champlain nayo haina nafasi kubwa zaidi ya hapo. Mwenye mashua ndefu kwenda juu, achague Oswego. Ziwa Oneida lisidharauliwe vilevile, kwani halina kina kirefu, na upepo wa magharibi ukilivumia kwa urefu wake wa kilomita 34 hutoa mawimbi mafupi yanayofuatana upesi, ambayo huwachosha hata manahodha wazoefu.

Mfereji wa nne katika mfumo huo, baada ya Erie, Champlain na Oswego, ni wa Cayuga na Seneca. Umuhimu wake katika biashara ya leo ni mdogo, lakini ningeupa nafasi mbele ya Champlain kwa familia inayotaka kukodi mashua kwa siku chache. Una malango manne, unafungua maziwa mawili marefu yenye maji safi, na mawili kati ya malango hayo yameunganishwa pale Seneca Falls, mji ambao mwezi Julai 1848 wanawake na wanaume walikutana kudai haki za wanawake, pamoja na haki ya kupiga kura. Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani, alihudhuria mkutano huo akitokea Rochester, alikokuwa akichapisha gazeti lake tangu mwaka uliotangulia.

Rochester naitaja kwa sababu hiyo, na kwa daraja lake la maji la mwaka 1842, ambalo mfereji ulipita juu ya Mto Genesee na ambalo baadaye lilibeba reli ya chini ya ardhi. Matao yake ya mawe bado yamesimama. Mji huu ulikuwa na watu wapatao 1,500 mwaka 1820, na miaka kumi baadaye walizidi 9,000, kwa nguvu ya unga wa ngano uliosafirishwa kwa mfereji. Buffalo ina gati la kale lililorudishiwa maji mwaka 2008 na maghala makubwa ya nafaka kando ya mto, ukumbusho kwamba ghala la kwanza la kupakulia nafaka kwa mvuke lilijengwa hapo na Joseph Dart mwaka 1842. Kwa mtu asiye na gari, Rochester, Syracuse, Rome na Utica zote ziko kwenye reli moja, inayofuata bonde lilelile la mfereji. Kutoka Utica kwenda Little Falls ni kilomita 35 hivi, na si vigumu kumpata mwenyeji wa kukupeleka.

Kuhusu majira: malango hufanya kazi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, kwa kawaida. Baada ya hapo maji ya sehemu za magharibi huteremshwa, na mgeni atakayefika Lockport au Medina mwezi Januari atakuta tope, barafu na sakafu ya mfereji ikiwa wazi. Mkija wakati huo wa baridi, njooni Syracuse, kwenye jengo la mizani, kwa kuwa mashua yake haikuhitaji maji tangu mwanzo ili ipimwe.